Maji Kabla ya Gari

Siku ya kumwaga zege kazi haisimami. Mashine ikishaanza kuchanganya, slabu lazima ijae kabla zege halijashika, kwa hiyo vijana wa kubeba karai wanapanda na kushuka ngazi za mbao tangu asubuhi bila kukaa kitako. Ikifika saa nane mchana, mwezi wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, mmoja wao anaanza kubadilika. Anamwaga karai pasipo pake. Akiulizwa jambo hili anajibu lile. Wenzake wanacheka, wanasema jana alikesha kwenye pombe. Msimamizi anamfokea. Muda si mrefu yuko chini, macho yamegeuka, ngozi inaunguza mkono wa anayemgusa, na fulana imelowa jasho chepechepe.

Mara nyingi kinachofuata ni purukushani ya kutafuta usafiri. Huyu anapiga simu, yule anakimbilia barabarani kusimamisha bajaji, mwingine analeta panadol na chupa ya soda. Mgonjwa anapakiwa mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mwenzake, wanaingia kwenye foleni, na hadi wanafika hospitali imepita nusu saa au zaidi, mwili ungali unaunguza vile vile. Na pale saiti, hatua chache kutoka alipoangukia, lipo pipa la lita 200 lililojaa maji.

Lile pipa ndilo lilikuwa dawa yake. Mtu aliyezidiwa na joto hadi akili ikayumba anatakiwa apozwe palepale alipoanguka, kwa maji mengi, ndipo apelekwe hospitali. Madaktari wa michezo na wa jeshi wamelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi: poza kwanza, safirisha baadaye. Kinachoua ni muda ambao ubongo, ini na figo vimekaa katika joto kali. Mgonjwa akishushwa joto ndani ya nusu saa ya kwanza, matumaini ya kupona ni makubwa mno. Kila dakika inayozidi hapo inakula kitu ambacho hospitali haiwezi kukirudisha.

Mwili wenye afya unajitunza kwenye nyuzi 37 za Selsiasi hivi. Misuli inapofanya kazi inazalisha joto jingi, na damu inalibeba hadi kwenye ngozi, ambako jasho linalitoa. Lakini jasho linapoza pale tu linapokauka. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyohiyo, kwa yale maji yanayovuja taratibu nje na kukaushwa na upepo; ukiufunika kwa nailoni hautapoza kitu. Mtu wa pwani wakati wa kaskazi yuko ndani ya nailoni hiyo. Hewa imeshiba unyevu, jasho linachuruzika hadi kwenye ndala na halikauki, na joto linabaki ndani. Ndiyo maana nyuzi 33 za Mombasa zinaweza kumwangusha mchapakazi kuliko nyuzi 37 za mahali pakavu. Kule Lodwar au Garissa hatari iko upande mwingine: jasho linakauka mara tu linapotoka, mtu hajihisi kulowa, na anaishiwa maji mwilini bila kujua.

Kuna dalili ndogo ambazo sitakaa nazo sana. Harara, vile vipele vinavyowasha shingoni na kifuani, hutulia kwa kuoga, kuvaa nguo nyepesi na kukaa penye hewa. Misuli ya miguu au ya tumbo inayokaza ghafla baada ya kazi ya jasho jingi inataka mapumziko, maji na chumvi kidogo. Mambo haya hayaui, ila yanatoa taarifa kwamba mwili umeanza kushindwa. Anayebanwa misuli saa tano asubuhi asirudishwe juani saa sita.

Hatua inayofuata ni kuzidiwa na joto. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, pengine kutapika. Ngozi imelowa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, miguu imelegea, mkojo ni mchache na rangi yake imekolea kama chai ya rangi. Huyu bado yuko nasi. Anajua yuko wapi na anakujibu sawasawa. Mtoe juani, mlaze, inua miguu yake juu ya tofali au begi, mvue viatu na nguo za juu, mmwagie maji na kumpepea, mnyweshe kidogo kidogo. Ndani ya nusu saa anatakiwa aonekane ana nafuu. Asipopata nafuu, au akiendelea kutapika, apelekwe hospitali.

Hatua ya mwisho ni kiharusi cha joto. Hapo joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kuathirika. Zamani wengi tulifundishwa kwamba mgonjwa wa aina hii huwa mkavu, hatoki jasho. Hilo ni kweli kwa wengi wa wazee na wagonjwa wanaozidiwa polepole ndani ya nyumba zenye joto. Kwa kijana aliyekuwa anabeba zege, anakata miwa, anakimbia mbio ndefu au yuko kwenye mafunzo ya jeshi, jasho linaweza kuwa linamiminika hadi anapoanguka. Anayesubiri ngozi ikauke atachelewa.

Kwa hiyo tazama akili. Msimamizi mzuri hahitaji kifaa, anahitaji maswali mawili matatu.

“Dogo, hebu simama. Leo siku gani?”

“Mimi mzima, bosi.”

“Sijakuuliza kama mzima. Leo siku gani? Hapa tuko kwa nani?”

Kijana akisema Jumapili na leo ni Alhamisi, au akikutazama tu bila kukuona, au akianza ukali na matusi ambayo si tabia yake, usibishane naye. Ndiyo imeshaanza. Kuropoka, kupepesuka, kutaka kupigana, degedege, kuzimia, yote hayo kwenye joto au kwenye kazi nzito yachukuliwe kuwa kiharusi cha joto mpaka ithibitike vinginevyo. Na usikiamini sana kipimajoto cha kwapani. Jasho na maji hukifanya kisome chini, nacho kinaweza kukuonyesha nyuzi 38 wakati ndani ni 41.

Kwetu hapa ugonjwa huu una majina mengi ya kukopa. Mtu mwenye mwili wa moto anayeropoka, wa kwanza kumwona atasema malaria imempanda kichwani. Wa pili atasema amelewa. Kuna atakayesema mashetani yamepanda, na kuna atakayesema kifafa. Kila jina linaleta tiba yake, na hakuna hata moja kati yake linaloleta ndoo ya maji. Siwalaumu wanaofikiria malaria, kwa sababu imetuzika wengi. Lakini homa ya malaria kwa kawaida ina historia: jana aliumwa kichwa, usiku alitetemeka, leo amekataa kula. Aliyeamka mzima, akanywa chai, akafanya kazi hadi mchana kisha akachanganyikiwa, apozwe kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria atapimwa hospitali akiwa hai. Na kama ni malaria kweli, maji hayatakuwa yamemdhuru.

Panadol ina mkanganyiko wa aina hiyohiyo. Kwenye homa, ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto ili kupambana na vimelea, na panadol hufanya kazi kwa kuubadilisha uamuzi huo. Kwenye kiharusi cha joto hakuna uamuzi wowote wa kubadilisha. Mwili umelemewa tu. Dawa haishushi kitu, na inaliongezea mzigo ini ambalo tayari limeumia. Diclofenac na aspirini nazo vilevile, pamoja na hatari kwa figo.

Sasa kupoza kwenyewe. Njia yenye nguvu kuliko zote ni kumzamisha mgonjwa hadi shingoni kwenye maji ya baridi, yenye barafu kama ipo. Kule Falmouth, Massachusetts, Marekani, kuna mbio za barabarani za kila Agosti, wakati wa joto na unyevu. Katika miaka 18 ya kumbukumbu zilizochambuliwa, wakimbiaji 274 waliopata kiharusi cha joto walitibiwa kwenye hema la pembeni ya barabara kwa mabeseni makubwa ya maji ya barafu. Hakufa hata mmoja. Maji ya namna hiyo hushusha joto la mwili kwa kiasi cha nyuzi moja kila dakika tano, yaani mgonjwa wa nyuzi 42 anaweza kufika 39 katika robo saa.

Beseni la kumtosha mtu mzima saiti haliko. Lakini turubai liko. Mlaze mgonjwa katikati ya turubai au nailoni nzito, watu wanne au zaidi wainue kingo zake liwe kama mtumbwi, mwingine amwage ndoo za maji ndani, na mmoja asiondoke kichwani: kazi yake ni kushika kichwa na kidevu juu ya maji, basi. Maji yatikiswe huku na huku yaendelee kumgusa, kwa sababu yale yaliyotulia juu ya ngozi hupata joto upesi. Barafu ikipatikana iongezwe. Pwani barafu haiko mbali kamwe. Wauza samaki wanayo mapande makubwa na wauza juisi wanayo kwenye madeli. Tuma kijana mmoja akimbie, lakini usisubiri arudi ndipo uanze. Maji ya bomba ya kawaida yanatosha kuanzia.

Mahali pasipo na turubai wala maji mengi, tumia maji machache kwa akili. Mlowanishe mwili mzima na umpepee kwa nguvu, kwa kipande cha boksi, kwa kanga, kwa feni ikiwepo, na umlowanishe tena kabla hajakauka. Njia hii ina heshima yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Mustafa Khogali na J. S. Weiner walibuni kitanda maalumu kwa ajili ya mahujaji wanaozidiwa na joto Makka: mgonjwa analazwa juu ya wavu, ananyunyiziwa maji na kupulizwa hewa ya vuguvugu, jasho la bandia likikauka badala ya lile lililoshindwa. Kanga mbichi na boksi ni kitanda hicho hicho kwa mkono. Kwenye unyevu mwingi wa pwani upepo husaidia kidogo kuliko kule jangwani, kwa hiyo mimina maji bila ubahili. Vipande vya barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena viwekwe kama nyongeza. Peke yake havitoshi.

Mvue nguo, abaki na za ndani. Kama ni mwanamke, wanawake wamzunguke na kanga, na yeye mwenyewe afunikwe kanga moja nyepesi iliyoloweshwa ambayo maji yanaipita. Stara inawezekana bila kumwacha mtu ndani ya sweta, baibui na viatu huku anaungua.

Kuna hofu inayowazuia wengi, nayo inasemwa na watu wazima wenye nia njema kabisa: ukimmwagia maji ya baridi mtu mwenye moto, mishipa itapasuka, au atashikwa na nimonia. Wale 274 wa Falmouth ni jibu la hofu hiyo. Mgonjwa akianza kutetemeka, usishtuke ukaacha. Endelea mpaka azinduke na aanze kuongea ya maana, au kwa dakika 15 hadi 20 kama unatumia maji ya baridi na huna cha kupimia. Kwa mzee sana, mtoto mchanga au mwenye maradhi ya moyo, maji ya kawaida na upepo yanafaa zaidi kuliko barafu. Asiyepumua ahuishwe kwanza, kama anavyohuishwa mtu mwingine yeyote.

Gari likija katikati ya kazi hiyo, lisubiri. Najua ni vigumu. Ndugu watapiga kelele, dereva atapiga honi, na atakayesema “mwacheni kwanza apoe” ataonekana hana huruma. Akishapoa, au kama kweli maji hakuna, ndipo aondoke, madirisha yote wazi, na safarini mtu amlowanishe na kumpepea njia nzima. Aliyezimia alazwe ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, ili akitapika asipaliwe. Asinyweshwe chochote, si maji, si maziwa, si soda. Akipata degedege asiingizwe kijiko mdomoni. Asipakwe spiriti mwili mzima.

Kinywaji ni cha yule mwenye akili timamu. Aliyetoka jasho kwa saa nyingi amepoteza maji pamoja na chumvi, na kumnywesha maji matupu lita baada ya lita kunaweza kuzimua chumvi ya damu hadi naye achanganyikiwe. Hilo limewapata wakimbiaji wa maratoni waliokunywa kupita kiasi. Pakiti ya ORS kutoka duka la dawa, kwenye lita moja ya maji safi, ndiyo bora. Isipokuwepo, sukari vijiko vya chai sita na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazishwa si vya kulundika, kwenye lita moja ya maji. Dafu ni zuri na lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo liende na chakula chenye chumvi. Kwa mtu anayefanya kazi juani, glasi moja kila dakika 15 hadi 20 ni afadhali kuliko kukaa na kiu mpaka mchana halafu kumaliza chupa nzima kwa mkupuo.

Wapo wanaoanguka bila kubeba kitu. Bibi anayelala kwenye chumba cha bati kisicho na dirisha la kupitisha hewa, anayetumia vidonge vya presha vya kukojosha, anaweza kuzidiwa taratibu siku mbili tatu, na familia ikadhani ni uzee tu umemchosha. Wenye kisukari, wajawazito, wanaotumia dawa za maradhi ya akili, na wenye selimundu, ambao kukaukiwa maji kunaweza kuwaletea maumivu makali ya mifupa, wote watazamwe kwa jicho la pekee siku za joto. Mtoto mchanga hana haja ya sweta, kofia ya sufi na blanketi Dar es Salaam mwezi wa Januari. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na akikataa ziwa, akilegea, au utosi ukibonyea, apelekwe haraka. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa muda wa kununua vocha: gari juani hupanda kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na kufungua kioo kidogo hakubadilishi mengi.

Juni 2015 Karachi, Pakistan, ilipata joto kali mwanzoni mwa Ramadhani, umeme ukikatika mara kwa mara, na zaidi ya watu 1,000 walikufa. Nalitaja hili kwa sababu ya kalenda yetu. Mwaka 2024 na 2025 Ramadhani iliangukia Machi, na 2026 na 2027 inaanza Februari, yaani ndani ya kaskazi kali ya pwani. Mbeba mizigo wa sokoni aliyefunga akianza kuchanganyikiwa alasiri, dini inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na walio karibu naye ndio wa kumkumbusha, kwa sababu yeye wakati huo hawezi kujiamulia. Hija nayo ni hivyohivyo. Juni 2024 joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa ni mahujaji waliokwenda bila vibali na hivyo hawakuwa na mahema wala mabasi yenye kiyoyozi. Anayempeleka mama yake Hija kwa njia za panya ili kuokoa fedha anamnyima kivuli.

Joto letu tumezaliwa nalo, watu husema, na kuna ukweli ndani yake: mwili hujifunza. Ukifanya kazi kwenye joto kila siku, ndani ya wiki moja hadi mbili jasho linaanza mapema zaidi, linatoka kwa wingi na linapoteza chumvi kidogo. Lakini somo hilo hupotea ndani ya wiki chache za kukaa, na mtu hazaliwi nalo. Kijana aliyetoka Njombe au Nyeri kwenye baridi akaanza kibarua pwani leo hana zoezi hilo mwilini. Takwimu za kazini Marekani zinaonyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya joto hutokea siku ya kwanza ya mtu kazini. Mgeni apewe kazi nyepesi siku za mwanzo, aongezewe kidogo kidogo, hata kama ana kifua cha mwanamieleka na anasema anaweza.

Wanaokwenda Ghuba kwa kazi za ulinzi na ujenzi wajue haki yao kabla ya kupanda ndege. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, miezi ya Juni hadi Agosti. Qatar, tangu 2021, inakataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kutoka Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Kwetu saiti nyingi zinategemea utu wa msimamizi, ingawa Februari 2025 jirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule kwa wiki mbili kwa sababu wanafunzi walikuwa wakizimia kwa joto. Kama shule inaweza kufungwa, zege nalo linaweza kumwagwa alfajiri.

Mgonjwa wa kiharusi cha joto anakwenda hospitali hata kama amezinduka na anaomba chai. Mwelezeni daktari alikuwa anafanya nini, aliangukia wapi, alichanganyikiwa saa ngapi, mlimpoza kwa kutumia nini na kwa muda gani, anatumia dawa zipi. Bila maelezo hayo, mtu aliyefika akiwa ameshapoa anaonekana mzima na anarudishwa nyumbani, wakati ini na figo vinaweza kuonyesha madhara siku moja au mbili baadaye. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia, ukipungua au ukikatika, macho yakigeuka manjano, arudi mara moja. Asirudi kwenye kazi nzito kwa angalau wiki moja baada ya kuruhusiwa, na akirudi aanze kivulini, mwenzake akiwa karibu, kwa sababu mwili uliowahi kuzidiwa hivyo unaweza kuzidiwa tena kwa joto dogo zaidi.